Wakinyamaza, Endelea

Msibani hapalalamikiwi. Watu wa Bonde la Chilonde wamelelewa hivyo, na hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo mahali popote, kwa maana linalojulikana na kila mtu nani ahangaike kuliandika? Ukifiwa, unakaa chini. Ugali ukija haujaiva, unakula. Mvua ikikufuata ulipoketi, unasogea ukutani. Majirani ndio wanaokuchotea maji na kukukatia kuni, nao pia hawasemi kitu, hata kama maji yako mwendo wa saa mbili. Anayelalamika msibani, wazee husema, anaukaribisha msiba wa pili.

Sechelela alikaa chini siku ishirini na tatu. Kwanza kwa ajili ya mama yake, aliyekufa kwa uzee, usingizini, mikono ikiwa juu ya kifua kama mtu aliyemaliza kazi. Kisha, kabla matanga hayajaanuliwa, kwa ajili ya Merabu, binti wa mdogo wake Loi. Merabu alikuwa na miaka sita. Alianza kuhara Jumatatu, na Jumatano wakamlaza ubavuni mwa bibi yake, udongo wa kaburi la kwanza ukiwa bado haujashuka.

Siku ya ishirini na nne Sechelela akarudi kazini.

Chumba cha Ratiba kilikuwa juu ya kilima, chini ya tangi kuu la bonde zima. Ukutani palikuwa na ramani yenye taa thelathini na moja, taa moja kwa kila kijiji. Taa ikiwaka buluu, maji yanakwenda. Ikizimika, koki imefungwa. Mhandisi Ulenje alikuwa amesimama mbele ya ramani na kikombe mkononi, shati lake limekunjamana kama kawaida.

"Pole, dada Seche. Pole mno. Ningekuja kuzika, ila hakuna wa kuniachia chumba."

"Najua, Mhandisi. Salamu zako zilifika."

"Kaa basi, unywe chai. Halafu nikuonyeshe watoto wangu walivyokua. Utasema wamelishwa samli."

Watoto wake zilikuwa ratiba. Kompyuta ilikuwa na ratiba mia mbili za kufungua na kufunga koki za bonde, na hakuna binadamu aliyeitunga hata moja. Kila ratiba ilikuwa mnyororo wa amri ndogondogo: ukiona hivi, fanya hivi. Mwanzoni, miaka minne iliyopita, minyororo hiyo ilikuwa upuuzi mtupu, kama shanga zilizotungwa na mlevi. Kompyuta ikazijaribu zote katika bonde la kukisia lililomo tumboni mwake, ikazipa alama. Zilizopata alama mbaya zikatupwa. Zilizopata nzuri zikazalishwa: kichwa cha moja kikaungwa na mkia wa nyingine, na hapa na pale shanga moja ikabadilishwa kwa bahati nasibu tu, ili watoto wasifanane mno na wazazi. Hicho kikawa kizazi cha pili. Na cha pili kikazaa cha tatu. Kila alfajiri ratiba bora kuliko zote, waliyoiita kinara, ilikabidhiwa bonde lenyewe lenye watu na kiu, na usiku alama halisi zikarudi kuwafundisha wengine. Sasa walikuwa kizazi cha elfu sitini na moja.

Hakukuwa na mzaha katika kazi yake. Kiangazi cha mwisho kabla ya mtambo huu wa ratiba, ukame na maji machafu viliua watu mia moja na kumi na wawili bondeni. Kiangazi hiki walikufa kumi na tisa. Ulenje alizibandika namba hizo mbili mlangoni, mahali ambapo ofisi nyingine hubandika kalenda.

Sechelela hakunywa chai. Alikuwa anaitazama taa ya Mgunga Mmoja, kijiji chao. Ilikuwa imezimika.

"Mhandisi, Mgunga Mmoja pamefungwa tangu lini?"

"Sijui. Hawajasema kitu."

Akafungua kumbukumbu. Mgunga Mmoja: siku ishirini na tatu, koki imefunguliwa siku mbili za kwanza. Ishirini na moja imefungwa. Malalamiko: hakuna.

Alikijua kioski kile cha maji na kitufe chake cha manjano ukutani. Maji yakikosekana unabonyeza, na taarifa inapanda mlimani. Majirani walipozidiwa, yeye pia alipita mbele yake mara mbili kwa siku, ndoo kichwani, akienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto. Merabu alikuwa akimfuata na kidumu chake cha lita tatu.

"Mama mkubwa, kwa nini hatubonyezi?"

"Tuko msibani, mwanangu."

"Msiba ukiisha tutabonyeza?"

"Ukiisha tutabonyeza."

Naye alikuwa mtu wa Chumba cha Ratiba. Aliijua hata namba ya simu ya mezani. Hakupiga.

*

Sechelela alikuwa na tabia ambayo wenzake waliiona ya ajabu. Tangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa akiandika majina ya waliokufa bondeni, aliyoyasikia kwenye matangazo ya vifo redioni: jina, kijiji, tarehe. Hakuwa na sababu kubwa. Aliona tu kwamba mtu asipoandikwa, baada ya mvua mbili tatu hata waliomzika hubishana alikufa mwaka gani.

Mchana ule alitoa daftari lake mkobani, akaliweka kando ya kumbukumbu za koki, akaanza kulinganisha. Isele, amefariki mzee Chiute, tarehe nne. Tarehe sita koki imefungwa. Ng'holongo, amefariki mama mjamzito, tarehe kumi na tisa. Tarehe ishirini na moja imefungwa. Aligeuza kurasa za mwaka mzima, na kila alipoweka kidole kwenye jina, siku ya pili au ya tatu taa ya kijiji hicho ilikuwa imezimika, na ilibaki hivyo hadi matanga yalipoanuliwa. Katika wale kumi na tisa wa kiangazi hiki, kumi na saba walikufa katika vijiji ambavyo tayari vilikuwa na msiba.

"Mhandisi. Njoo unifungulie kinara. Nataka kuusoma mnyororo wake."

"Hutausoma, dada. Tisa katika kumi ni takataka. Ni kama kusoma utumbo wa kuku."

"Nifungulie."

Walikaa nao mpaka saa tisa alasiri. Ulenje alikuwa sahihi, nyingi zilikuwa takataka, amri zinazojifuta zenyewe, amri zinazongojea jambo lisiloweza kutokea. Lakini katikati ya takataka palikuwa na shanga nne zilizokaa pamoja, na Sechelela alipozisoma kwa sauti, Mhandisi aliweka kikombe chini.

Funga kijiji kimoja. Ngoja siku moja. Wakipiga kelele, fungua. Wakinyamaza, endelea.

Basi hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote. Mtambo ulikuwa ukipita kijiji hadi kijiji, ukijaribu kila koki kama mwizi ajaribuye milango. Penye maji ya ziada watu hawakuona tofauti. Penye kiu walibonyeza, wakafunguliwa. Hivyo ndivyo maji machache yalivyotosha bonde zima, na hivyo ndivyo mamia walivyopona. Ila kila ulipogusa mlango wa wafiwa, ulikuta kimya. Ukaendelea.

"Hakuna aliyeiandika hii," Ulenje alisema polepole.

"Najua. Imezaliwa."

"Na zile nyingine?" Akapekua ya pili, ya tatu, ya ishirini, ya mia mbili. Shanga nne zilikuwamo katika kila mnyororo, kama pua ya ukoo.

 Sechelela alikumbuka siku ile, miaka minne nyuma, Ulenje alipowakusanya wafanyakazi na kuwauliza: mtambo unahitaji kipimo, tuuambie ratiba nzuri ni ipi? Nyie ndio mnaowajua watu. Wengine walikuwa wanatazamana. Sechelela ndiye aliyenyoosha mkono. "Uhesabu malalamiko," alisema. "Palipo machache ndipo pazuri. Mwenye kiu atasema. Watu wa bonde hili wakikosa maji nusu siku, hata waliolala makaburini wanawasikia." Walicheka wote. Wote walikuwa wazaliwa wa bonde, wote walikuwa wameshakaa msibani na kumeza kiu kimyakimya, na hata mmoja hakukumbuka kusema: isipokuwa msibani.

*

Kesho yake asubuhi alifungua koki ya Mgunga Mmoja kwa mkono. Ulenje alimruhusu, hata akamshikia ngazi. Taa ikawaka buluu. Kabla ya adhuhuri taa ya Isele, walikokuwa wamefiwa Jumapili, ikazimika.

"Umeona?" Mhandisi alisema. "Leo umefungua huku. Kesho utafungua wapi? Maji ni yaleyale."

Akajaribu njia nyingine. Marehemu mama yake alikuwa mfungua koki wa kijiji kabla ya mtambo, mwanamke aliyetembea na spana kubwa kiunoni, na sheria yake ilikuwa moja: maji ya kwanza ni ya msiba, mengine mtajijua. Sechelela akaitunga sheria hiyo iwe ratiba, kwa vidole vyake, shanga kwa shanga, akaitia katikati ya zile mia mbili. Kompyuta ikaikaribisha kama ilivyokaribisha yoyote. Ikaijaribu katika bonde la kukisia. Kwa sababu iliwapa maji watu ambao hawangelalamika hata kidogo, na kuwanyima wapiga kelele, ilipata alama mbaya kuliko zote. Ilidumu kizazi kimoja. Kioo kikaandika: imeondolewa.

Alikitazama kioo hicho kwa muda. Mama yake alikuwa akichagua mbegu za mtama baada ya mavuno, akining'iniza masuke juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Kuna miaka alipenda masuke makubwa tu, meupe, matamu. Mwaka wa tano kweleakwelea walishuka shambani wakala kila punje, kwani mtama ulikuwa umekuwa mtamu kwa ndege kama kwa watu. Hakulaani ndege. "Mbegu hufuata jicho la mchaguaji," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka utamu." Ikambidi aombe kwa majirani mtama mwekundu mchungu na aanze upya, na mwaka huo wa kuanza upya walikaa na njaa.

"Tubadili kipimo," Sechelela alisema. "Kijiji kilichofungiwa kikanyamaza, kihesabiwe kimepiga kelele mara mbili."

Ulenje alivuta kiti. Hakuwa mtu mbaya. Kiangazi kile cha mia na kumi na wawili alizika baba yake mdogo na watoto wawili wa baba huyo kwa juma moja.

"Nimeshaifikiria, dada. Usiku kucha. Ratiba zote mia mbili zimesimama juu ya zile shanga nne. Ukibadili kipimo, zote zinakuwa mbaya kwa mpigo mmoja. Zitaanza kujikongoja kama wachanga. Siku tisa, kumi."

"Zijikongoje tumboni mwa kompyuta."

"Bonde la kompyuta halina watu, Seche! Linakisia. Halijui nani atabonyeza na nani atanyamaza mpaka maji halisi yafungwe." Akageuza kioo kuelekea kwake. "Tazama. Wakati zinajifunza, Nzasa ndiko kutakauka, kuko mwisho wa bomba. Makisio ni kufa wawili hadi watano. Watu ambao leo wana maji. Ambao hawajamkosea mtu."

"Na tukiacha kama ilivyo?"

"Watu watano watakufa pia, kabla ya masika. Wengine zaidi. Isele, Ng'holongo, penye msiba wowote." Akasugua macho. "Tofauti ni kwamba hao hatuwachagui sisi. Wanachaguliwa na msiba."

"Wanachaguliwa na mimi. Nilinyoosha mkono."

Kipimo kilifungwa kwa funguo mbili, mmoja wa Sechelela, mmoja wa Mhandisi. Ulenje alitoa wake shingoni, akauweka mezani.

"Nitageuza ukigeuza. Lakini usiniambie baadaye kwamba ni Mhandisi aliyekushawishi."

Sechelela akatoka nje akampigia mdogo wake. Alimweleza yote, taratibu, bila kujificha: kipimo, mkono aliounyoosha, zile shanga nne. Upande wa pili Loi hakulia. Ilisikika sauti ya ufagio, kisha ufagio ukakoma.

"Kwa hiyo ile mashine ilidhani hatuna kiu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu tulikuwa na adabu."

"Ndiyo, Loi."

"Na huko Nzasa wana watoto?"

"Wanao."

"Basi usiniulize mimi, dada," Loi alisema. "Nikikwambia geuza, nitakuwa nimeua mtoto wa mtu. Nikikwambia acha, nitakuwa nimemzika wangu bure. Mimi nimekaa chini. Wewe ndiye uliyesimama." Akakata simu.

Sechelela alirudi ndani akageuza ufunguo.

*

Siku tatu za kwanza taa za ukutani zilicheza kama moto wa kuni mbichi. Vijiji vilivyozoea maji ya asubuhi vilipata ya alasiri, na vitufe vilibonyezwa bonde zima. Mpokea simu wa zamu alitukanwa hadi akaanza kucheka. Lakini Isele pakafunguliwa. Mgunga Mmoja pakafunguliwa. Siku ya nne, kama ilivyokisiwa, taa ya Nzasa ikazimika.

Nzasa ni watu wa kusema. Siku hiyo walibonyeza mara sita. Siku ya tano, mara thelathini na moja. Sechelela na Ulenje walipeleka mapipa mawili kwa trekta. Trekta lilikwama mchangani likafika na pipa moja na nusu. Koki ya Nzasa waliifungua kwa mkono, lakini bomba la mwisho wa mstari lilitoa upepo tu na taa haikuwaka, kwa kuwa vijiji vya juu vilikuwa vikinywa kwa zamu ambazo ratiba changa zilikuwa bado hazijazipanga. Siku ya sita walibonyeza mara arobaini na nne.

Siku ya saba, tangu alfajiri, hakuna.

"Labda trekta limewatosha," Ulenje alisema. "Labda wamepata maji mchangani."

 Sechelela alinyanyua simu ya mezani akampigia mama Yaledi, mwangalizi wa kioski cha Nzasa, ambaye jana tu alimtukania ukoo mzima.

"Mama Yaledi, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mwanangu." Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyekaa mkekani.

"Kuna msiba?"

"Umejuaje?"

"Nani, mama?"

"Yule mtoto mdogo wa mwalimu. Penueli. Wa miaka minne. Ni tumbo tu. Alikuwa hajambo juzi, alikuwa anamkimbiza mbuzi wangu."

"Mbona leo hamkubonyeza?"

"Tuko msibani, mwanangu," mama Yaledi alisema, kwa upole, kama anayemweleza mgeni.

Nyuma yake Sechelela alimsikia Ulenje akivuta pumzi. Aligeuka. Taa ya Nzasa ilikuwa imewaka buluu. Hakuna aliyegusa kitu. Ratiba mpya ilikutana na kimya cha kijiji kilichofungiwa, na kwa mara ya kwanza tangu mtambo uwashwe, kimya kile kiliisumbua. Ikazifunga koki tatu za juu, ikayasukuma maji yote mwisho wa bomba.

"Imejifunza," Ulenje alisema. Alikuwa analia bila kujifuta. "Dada Seche, imejifunza."

Sechelela alifungua daftari. Chini ya Merabu akaandika Penueli, Nzasa, miaka minne, na tarehe. Hakuwahi kuandika sababu kando ya jina lolote. Siku hiyo aliandika, na mbele ya sababu akaandika jina lake mwenyewe, lote, pamoja na la baba yake. Kisha akajifunga kanga ya msiba, ambayo bado hakuwa ameikunja, akamwachia Mhandisi chumba.

Alifika Nzasa jua likiwa bado kali. Kioskini maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, yakijaa kwenye beseni na kumwagika mchangani, na hapakuwa na mtu wa kuyachota; wote walikuwa kwa mwalimu. Alifunga bomba. Alisimama mbele ya kitufe cha manjano, akasikia kutoka nyumba ya tatu wanawake wakiimba taratibu, na akajua kwamba akishaingia pale ndani atapaswa kusema yeye ni nani, kabla ya kuketi.

Akabonyeza. Akashikilia kitufe hadi kidole kikauma.

Juu kilimani, kwenye kumbukumbu za siku ile, mstari ule bado upo. Nzasa: maji yapo. Malalamiko: moja.